Pua ya Mama Apolonia

Kwanza nikwambie kitu ambacho Tandika nzima haikijui: mie sinusi. Sisemi nanusa kidogo, wala sisemi nitanusa mafua yakiisha. Sinusi kabisa. Weka samaki aliyeoza upande huu na asumini upande ule, kwangu yote hewa. Gundi ndiyo iliyoniua pua. Marehemu mume wangu, Kamugisha, alikuwa fundi viatu, na alipofariki nilichukua sindano zake na kile chuma chake cha kupigia soli, nikakaa palepale alipokuwa anakaa, kwenye baraza la duka la Hamoud nyuma ya soko. Watu walicheka. Mwanamke, tena Mhaya, akae chini kushona viatu vya watu? Nikawaambia chekeni, mkimaliza leteni viatu. Wakaleta. Miaka ikaenda nimeinamia kopo la gundi, mpaka siku moja maharage yakaungua, moshi ukajaa uani, majirani wakaja mbio na ndoo za maji, wakanikuta nimekaa mlangoni nimelipa jiko mgongo, nachambua mchele wangu. Nikawaambia nilikuwa nimezama kwenye rozari. Mhaya akiri kwamba kapungukiwa kitu? Thubutu!

Sasa sikia kiburi hicho kilivyonitia matatani.

Kuna mama mmoja anaitwa Madamu Felicitas, anaendesha nyumba ya watoto huko Mtoni. Ni watoto waliotoka mtaani wakiwa wanavuta gundi, wengine petroli, wengine wamefika hadi kwenye unga wa kulevya. Anakaa nao mpaka alosto iishe, yaani ile hali mwili unapodai kilevi mtu akatetemeka na kutapika, halafu anawatafutia mahali pa kujifunza kazi. Siku hiyo alikuja na mvulana wa miaka kumi na tano hivi, mwembamba, shingo ndefu, macho yote yako kwenye miguu ya watu.

"Anaitwa Lusungu," akasema. "Anataka kushona viatu."

"Madamu, una akili wewe?" nikamwambia. "Mtoto wa gundi unamleta kwa fundi viatu?"

"Nimemkatalia mpaka nimechoka, Mama Apolonia. Nikampeleka kwa seremala, akatoroka. Gereji wamemkataa. Lakini hebu tazama hiki."

Akatoa mpira wa miguu kwenye mfuko. Ulikuwa umechanika, ukashonwa. Nikaugeuza nikitafuta pa kukosoa, maana mie ni mtu wa kukosoa, nisikufiche. Sikupaona. Mshono umelala sawasawa, fundo limefichwa kwa ndani.

"Nani kakufundisha?" nikamuuliza yule mtoto.

"Hakuna, Mama."

"Na kwa nini viatu? Dunia ina kazi nyingi."

Akasema, "Wale madogo wa mtaani Buguruni wanatembea peku. Chupa zinawakata kila siku. Mtu akikatwa, anavuta ili asisikie maumivu. Mie nilianzaga hivyohivyo."

Nikaugeuza tena ule mpira bila kukosoa. Si kawaida yangu.

Madamu akatoa masharti. Mtoto asiguse gundi, kubandika nibandike mwenyewe, yeye ashone tu. Na kila asubuhi, kabla hajashika kitu, nimnuse mdomo. Siku atakayokutwa na harufu, kazi basi, anarudi kuanza upya kule Mtoni, na nafasi yake anapewa mwingine. "Utaweza kumnusa?" akaniuliza.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikatoa kifua mbele. "Mie? Kwetu Bukoba pua hii ilikuwa inajua ndizi zimeiva shimoni kabla watu hawajafukua!" Na ilikuwa kweli, ila ilikuwa zamani.

Kesho yake Lusungu alifika. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, fungua mdomo." Nikasogeza pua, nikafumba macho, nikavuta hewa kwa madaha kama daktari mkubwa, nikatangaza, "Msafi!" Alinitazama sana siku ile. Nikadhani ananiogopa, nikafurahi.

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Kila asubuhi mdomo, pua, msafi, halafu kazi. Wenzake huko Mtoni wakanipa jina, Mama Pua, na Madamu akaniambia wananihofia kuliko polisi. Nami nikawa nacheka mchana, lakini nikifika nyumbani roho inanidunda. Maana kuna mwenzao mmoja alitoroka, wakamkuta asubuhi kwenye karavati la Buguruni, chini ya barabara, amelala kifudifudi, chupa ya gundi ingali mkononi. Hakuamka tena. Ina maana siku Lusungu akirudia, mie ndiye niliyewekwa mlangoni kuona, na mlinzi mwenyewe ni kipofu wa pua. Mara ngapi nilitaka kumpigia simu Madamu nikaghairi! Nikisema, mtoto anaondolewa, maana nani mwingine atamchukua? Nisiposema, naweza kumzika. Hebu wewe ungefanyaje?

Kwa kazi, nakwambia, yule mtoto alikuwa na mikono ya baraka. Viatu ambavyo ningebandika kwa gundi yeye alivizungushia uzi soli nzima, wateja wakawa wanasema, "Mpe yule kijana anishonee." Nilisikia wivu kidogo, basi nikawa namgombeza kwamba anamaliza uzi. Alikuwa anacheka. Mchana, wenzake wakienda kula, yeye anachukua vipande vya matairi alivyoomba kwa wale wa pancha, anakata katambuga, anapigilia misumari, na kila Alhamisi watoto wawili watatu wanatoka Buguruni kuja kuvaa. Chafu hao, wana kelele, mmoja anakuja na kidonda, mwingine na kikohozi. Kulikuwa na kabinti kadogo kanaitwa Blessing, kameng'oka meno ya mbele, kanajifanya mkubwa wa wote. Kalikuwa kananiita "wewe Pua" bila hata shikamoo. Nilikapenda, basi tu.

Hamoud hakuwapenda. Hamoud si mtu mbaya. Babu yake aliuza misumari na kamba kwenye duka lilelile, na mume wangu alipofariki yeye ndiye aliyenifungia turubai msibani. Lakini mdomo wake! "Mama Apolonia, fisi hapewi bucha alinde," aliniambia siku ya kwanza alipomwona Lusungu. Na baada ya wale watoto kuanza kuja: "Siku kikipotea kitu hapa barazani, hata sindano, nawaita mgambo wawazoe wote. Na huyo wako sitaki kumwona akiwa amevuta. Akivuta, nyote wawili mtafute baraza jingine. Nimeshasema." Nami nikamjibu kwamba amesikika, asirudierudie kama redio.

Ikaja Alhamisi yenyewe. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa Jumatatu, viatu vyeusi vimejaa barazani mpaka pa kukaa hakuna, kila mzazi anataka chake leo. Nilikuwa nimefungua kopo jipya la gundi. Watoto walikuwa wamekuja, Blessing anajaribisha katambuga zake anaruka huku na huku. Uzi ukaniishia. Nikaingia dukani kwa Hamoud kuchukua mwingine, tukabishana kidogo kuhusu unene wa uzi, kama kawaida yetu. Nilipotoka, baraza kimya. Watoto hawapo. Kopo halipo. Lusungu hayupo. Kiatu alichokuwa anashona kiko chini, sindano imechomwa katikati ya mshono na uzi unaning'inia.

Mawe! Ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita mama tukishtuka.

Hamoud akatoka nyuma yangu akaona. Hakupiga kelele, ndicho kilichonitisha. Alisema tu, "Si nilikwambia?"

"Labda kuna sababu," nikasema.

"Sababu ipo. Kopo lilikuwapo na yeye alikuwapo. Sasa vyote viwili havipo."

Nikampigia Lusungu simu, ikaita ndani ya mfuko wake uliokuwa umetundikwa kwenye msumari. Nikamwomba kijana wa bodaboda anayekaa pale kwenye kona, Gibson, azunguke soko lote. Akarudi, hamna. Akaenda mpaka njia ya Buguruni, akarudi, hamna. Nikakaa. Nikachukua kiatu nikakirudisha chini. Wateja wanakuja, "Mama, tayari?" nawajibu ovyo, mmoja akaondoka na kiatu chake kimoja kimeshonwa na kingine kimefumuka, na wala sikumzuia. Nilikuwa namwona yule wa kwenye karavati, ila uso niliouona ulikuwa wa Lusungu. Nilisali, na mara hii ilikuwa rozari ya kweli. Hamoud naye akampigia Madamu Felicitas, akamweleza yote, wala hakuongeza chumvi.

Alasiri ikiwa imeanza kuinama, Gibson akaita, "Mama, yule pale!"

Alikuwa anakuja kwa miguu, anatembea polepole pembeni ya mtaro. Kopo hana. Shati lake la bluu lilikuwa limeganda kifuani, limekakamaa, njano tupu. Macho mekundu. Na kabla hajafika karibu, watu walianza kukunja pua. Gibson akarudi nyuma hatua. Mama muuza mihogo akasema, "Yesu wangu, mtoto ananuka gundi mpaka huku!" Mie sikusikia harufu yoyote. Nilisimama katikati ya watu wanaosikia, nikiwa peke yangu.

"Umekwenda wapi?" nikamuuliza. Sauti yangu ilinitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Buguruni."

"Kopo liko wapi?"

"Limemwagika, Mama."

"Nani alilichukua?" akauliza Hamoud.

Lusungu akatazama miguu ya watu.

"Nakuuliza wewe. Nani alilichukua?"

"Sitasema, mzee."

"Basi ulichukua mwenyewe." Hamoud akageuka kwangu. Alikuwa ameshika simu, Madamu yuko hewani, sauti kubwa imewashwa. "Mama Apolonia, shati si hoja. Shati linaweza kumwagikiwa. Mdomo ndio hausemi uongo. Mie nimefunga, sunna ya Alhamisi, siwezi kuweka pua kwenye uchafu huo. Wewe ndiye Pua, sifa zako zimefika mpaka Mtoni. Mnuse hapahapa, kila mtu aone. Akiwa safi, nitanyamaza. Akiwa amevuta, mnahama leo."

Na sauti ya Madamu ikatoka kwenye simu, imechoka: "Mama Apolonia, mnuse. Neno lako ndilo nitakaloshika. Kama karudia niambie, nije kumchukua sasa hivi. Usinifiche, waitu, nakuomba. Nimeshazika mmoja."

Hata Kihaya chetu aliniletea ili anibane vizuri.

Watu wakasogea. Nikamtazama Lusungu nikitafuta dalili. Macho mekundu, lakini kijana aliyelia naye macho huwa mekundu. Mikono inatetemeka, lakini nani asingetetemeka? Anasimama wima, lakini gundi ikishapoa mtu husimama. Sikuona kitu cha kunisaidia. Nikafikiria kusema, jamani, sinusi, mnisamehe. Ningesema hivyo, Hamoud angemwita Gibson au mama wa mihogo anuse, na hao wangesema ananuka, maana shati lilikuwa limewajaa puani, wangejuaje mdomo? Na nikisema msafi, kumbe kavuta, kesho atavuta zaidi akijua mlango uko wazi. Nilikuwa na maisha ya mtoto wa watu mkononi na sina cha kupimia. Niliogopa, nakwambia. Nilimchukia Hamoud, nikajichukia mie mwenyewe na ndizi zangu za Bukoba.

Nilikuwa bado nawaza hivyo Lusungu akafungua mdomo. Sikumwambia. Aliufungua mwenyewe, kama kila asubuhi, akanyanyua uso akanitazama.

Nikaweka pua. Nikavuta hewa. Hamna kitu, kama siku zote.

"Msafi," nikasema.

Minong'ono ikaanza. Hamoud akanikazia macho. "Una hakika?"

"Nimesema msafi. Wewe ndiye uliyetaka ninuse."

"Apa."

"Unataka niape kwa kiatu?"

"Apa kwa mume wako, Mama. Kamugisha alikuwa mtu wangu. Ukiapa kwa jina lake, nitajua."

Njia ya mwongo fupi, na yangu niliiona mwisho wake palepale. Nikasema, "Naapa kwa kaburi la Kamugisha, mtoto huyu hajavuta."

Hamoud akaisogeza simu mdomoni. "Madamu, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Madamu, nikamsikia analia. Simu ikakatika. Hamoud akaingia dukani, akatoka na shati jipya kwenye nailoni yake, akalitupa juu ya rundo la viatu. "Avue hilo, linanitia kichefuchefu na sijafuturu." Ndivyo alivyo.

Watu wakatawanyika. Lusungu akabadilisha shati, akakaa mahali pake, akaokota kile kiatu, akaivuta ile sindano kutoka pale alipoiacha. Mie nikachukua mkasi nikaanza kukata nyuzi. Tulishona jozi kadhaa kwanza. Mwisho yeye ndiye aliyeanza kuongea.

"Blessing ndiye aliyelichukua. Ulivyoingia dukani tu. Nikamkimbiza. Ningemtaja, mzee angeita mgambo, na wale madogo wasingekanyaga tena hapa."

"Nilijua ni yule kibogoyo."

"Nilimkuta karavatini ameshaligawa, wanajaza chupa. Nikawapora zote nikarudishia koponi." Akavuta uzi, akaukaza. "Halafu nikakaa nalo, Mama. Wao wakakimbia, nikabaki nalo peke yangu. Nilikaa nalo sana. Kifuniko wazi, harufu yote usoni. Nililia. Halafu nikalimwaga mtaroni, mikono inatetemeka, nusu ikaingia kwenye shati."

"Hukuvuta?"

"Sikuvuta."

Nikapumua. Nikataka kumshukuru Mungu kwa sauti, na Mungu si Athumani, lakini Lusungu alikuwa hajamaliza.

"Mbona umeapa, Mama? Wakati hunusi."

Mkasi ukanidondoka. "Nani kakwambia sinusi?"

"Siku ya kwanza nilipokuja kazini hapa nilikuwa nimevuta," akasema. "Asubuhi ileile, njiani, kuna mwana, mshikaji wa zamani, alikuwa na chupa. Nikajua utanifukuza, nikasema afadhali yaishe. Ukaweka pua, ukafumba macho, ukasema msafi."

Nikainama kuokota mkasi.

"Nikajua huna pua," akaendelea, taratibu, macho yako kwenye mshono. "Nikacheka moyoni, nikasema nitavuta kila siku, huyu mama hana habari. Lakini ulisema kwa sauti, Mama. Wale wateja wote wakasikia, yule mzee akasikia. Hakuna mtu aliyewahi kunisemea hivyo. Usiku sikulala. Nikaona nikivuta tena, wewe ndiye utakuwa mwongo. Basi kila asubuhi nikawa nakuja ili uwe umesema kweli."

"Mpaka leo?" nikauliza.

"Mpaka leo. Hukuapa uongo."

Nililia, tena si machozi ya kujifuta kwa kiganja. Hamoud alichungulia kutoka dukani akauliza kama nimechomwa sindano, nikamwambia ashughulike na misumari yake.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeshaamua. Lusungu alifika, shati jipya, "Shikamoo, Mama," na nyuma yake, mbali kidogo, Blessing amejificha nyuma ya nguzo ya umeme, peku, katambuga kazishika mkononi, hajui kama anafukuzwa au anaitwa. Nikamkonyeza aje. Lusungu akafungua mdomo.

"Ah, acha bwana," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Si unajua."

"Ninuse tu, Mama."

Wateja walikuwa wameshaanza kupanga foleni na viatu vyao. Hamoud alikuwa anafungua milango ya duka. Nikaweka pua, nikafumba macho, nikavuta hewa.

"Msafi!" nikasema, wote wakasikia, na Lusungu akakaa chini akachukua kiatu cha kwanza.